Aizawa Tadahiro na ugunduzi wa Iwajuku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Akitajwa Aizawa Tadahiro, watu huuliza yale yale: alikuwa msomi au hakuwa, aligundua nini hasa, na mbona vitabu vingine vya zamani havimtaji. Majibu yako hapa chini, kuanzia mepesi hadi yenye utata. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumeonyesha namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Aizawa Tadahiro alikuwa nani?

Alikuwa mchuuzi wa mji wa Kiryu, mkoa wa Gunma, kaskazini mwa Tokyo. Alizaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 1989. Asubuhi alizungusha bidhaa kwa baiskeli nyumba hadi nyumba, na muda uliobaki alizunguka mashamba na vilima akitafuta mabaki ya watu wa kale. Katika mizunguko hiyo aliokota zana za mawe ndani ya udongo mwekundu wa Iwajuku, mahali ambapo wataalamu wa wakati ule waliamini hapawezi kuwa na alama yoyote ya binadamu.

Kwa ufupi, ndiye aliyeonyesha kwamba visiwa vya Japani vilikaliwa na watu katika Zama za Mawe za Kale.

2. Kwa nini ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kiasi hicho?

Hadi mwaka 1949 kitu cha kale zaidi kilichokubalika Japani kilikuwa utamaduni wa Jomon, watu wanaofahamika kwa vyungu vyao vyenye alama za kamba. Kabla ya Jomon, wataalamu waliona ukurasa mtupu. Iliaminika kwamba katika kipindi kile cha nyuma volkano zilikuwa zikimwaga majivu bila kukoma, na hakuna mtu angeweza kuishi hapo.

Iwajuku iliufuta ukurasa huo mtupu, na mlango ulipofunguka vitu vikaanza kuonekana kila upande. Leo maeneo ya Zama za Mawe za Kale yaliyoorodheshwa Japani yanazidi 10,000. Hayakuzaliwa baada ya 1949. Yalikuwepo siku zote, ila wachimbaji walikuwa wakisimamisha majembe kabla ya kuyafikia. Sababu yao iko kwenye swali la 10.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao mgeni wa historia ya Japani huenda asiuone haraka. Kabla ya 1945, somo la historia shuleni lilianza na miungu na mfalme Jimmu, ambaye simulizi zinamweka mwaka 660 kabla ya Kristo. Kufikia 1949 nchi ilikuwa imetoka kushindwa vitani, hadithi hizo zimeondolewa vitabuni, na watu wanauliza upya wametoka wapi. Jibu likaletwa na kijana mwenye kikapu cha bidhaa.

3. Je, ndiye baba wa akiolojia ya Japani?

Hapana, na wanaomwita hivyo wanawanyima wengine haki yao. Akiolojia ya kisasa Japani huhesabiwa kuanzia mwaka 1877, Mmarekani Edward Morse alipochimba jaa la kale la makombe huko Omori, Tokyo. Idara ya kwanza ya akiolojia katika chuo kikuu cha Japani ilianzishwa Kyoto mwaka 1916 chini ya Hamada Kosaku. Aizawa ni mwanzilishi wa tawi moja, la utafiti wa Zama za Mawe za Kale. Tawi hilo halikuwepo kabisa kabla yake.

4. Lipi ni jina la ukoo?

Aizawa. Wajapani hutanguliza la ukoo, na hapa tumefuata utaratibu huo kwa wote.

## Maisha yake

5. Alikulia katika mazingira gani?

Alizaliwa Tokyo. Baba yake alikuwa mpiga filimbi katika ngoma za sherehe za jadi, kazi yenye heshima lakini isiyo na kipato cha uhakika. Familia ilihamia Kamakura, mji wa kale wa pwani, na huko nyumba ikavunjika: dada mdogo alifariki, wazazi wakaachana, watoto wakatawanyika. Tadahiro alikaa kwa muda katika hekalu, kisha akaenda na baba yake Kiryu.

Ni Kamakura ndiko alikoanza kuvutiwa na vigae vya vyungu vinavyotoka ardhini. Alisikia kwamba watu wa kale waliishi familia nzima pamoja, wamezunguka moto mmoja. Picha hiyo haikumtoka tena. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1969, anapoeleza kwa nini aliokota mawe maisha yake yote, habadilishi sababu: alikuwa akiitafuta ile familia iliyoketi kuzunguka moto. Mtu anaweza kusema ni maneno ya mzee anayepamba utoto wake. Mimi naona ni maelezo ya kweli kuliko mengi tunayosomewa kuhusu wanasayansi.

6. Alisoma hadi kiwango gani?

Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa Asakusa, Tokyo, kuwa mwanagenzi katika duka la geta, yaani mitalawanda ya Kijapani. Mchana alitumikia duka, usiku alikwenda shule ya jioni. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi.

Lakini alikuwa na darasa lingine. Asakusa si mbali na Ueno, na Ueno kuna jumba kubwa la makumbusho la taifa. Alipopata nafasi alikwenda kutazama zana za mawe kwenye makabati ya vioo, na mlinzi mmoja wa jumba hilo akamzoea, akawa anamweleza anachokiona. Vita vilipopamba moto alijiunga na jeshi la majini, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi Kiryu akiwa na umri wa miaka 19, hana kazi wala mtaji.

7. Kwa nini aliuza natto, na natto ni nini?

Natto ni maharage ya soya yaliyochemshwa na kuvundikwa hadi yakawa na utelezi na harufu kali. Wajapani wengi huyala asubuhi juu ya wali. Enzi hizo yaliuzwa yakiwa yamefungwa kwenye mabua ya mpunga, na mchuuzi alipita alfajiri akinadi mitaani.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hiyo kwa mtu kama Aizawa. Natto huuzwa kabla ya kifungua kinywa. Saa tatu asubuhi kazi imekwisha. Angeajiriwa kiwandani, na Kiryu ni mji wa viwanda vya nguo, angefungwa mchana kutwa. Uchuuzi ulimpa mlo mdogo na muda mkubwa. Tena ulimpa njia: alilazimika kupita vijiji vilivyo chini ya mlima Akagi, na kila njia ya udongo iliyochongwa pembeni mwa kilima ilikuwa nafasi ya kutazama tabaka za ardhi bila kuchimba. Aliuza pia vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Tanzania tungemwita machinga.

8. Ni kweli alikwenda Tokyo kwa baiskeli?

Ni kweli. Kutoka Kiryu hadi Tokyo ni kama kilometa 120 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 240, na nauli ya treni ilikuwa mzigo kwake. Alifunga mawe yake kwenye baiskeli akaenda kuwaona watu wenye vitabu na ujuzi, kisha akarudi aendelee na biashara. Barabara za Japani baada ya vita hazikuwa za lami kama leo, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya mizigo.

Safari hizo ndizo zilizomkutanisha na Serizawa Chosuke, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Meiji. Bila Serizawa, huenda mawe yangebaki chini ya kitanda cha mchuuzi.

## Ugunduzi wa Iwajuku

9. Aliona nini mwaka 1946?

Iwajuku ni kijiji kilichokuwa sehemu ya Kasakake, kilometa chache kutoka Kiryu. Njia ndogo inapita katikati ya vilima viwili, na walioichonga waliacha kuta za udongo mwekundu kila upande. Aizawa alipita hapo akitoka kwenye biashara zake.

Kwenye ukuta huo aliona vibanzi vya mawe, vidogo na vyenye makali, vya aina ya mawe isiyopatikana kwa asili ndani ya udongo ule. Akatafuta vigae vya vyungu. Hakukuwa na kigae hata kimoja. Jambo hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi. Mawe ya Jomon huambatana na vyungu. Mahali pengine alipookota mawe aliokota pia vigae. Hapa mawe yako peke yake, na yako ndani ya udongo mwekundu, si katika udongo mweusi wa juu.

10. Udongo mwekundu una nini cha pekee?

Uwanda wa Kanto, unaozunguka Tokyo, umefunikwa na tabaka nene la majivu ya volkano yaliyogeuka udongo wa rangi ya kahawia-nyekundu. Majivu hayo yalitoka milima kama Asama, Haruna, Akagi, Hakone na Fuji kwa maelfu mengi ya miaka. Juu yake kuna udongo mweusi, na humo ndimo vinamopatikana vitu vya Jomon na vya baadaye.

Wanaakiolojia wa zamani walikuwa na kanuni isiyoandikwa: ukifika kwenye udongo mwekundu, kazi imekwisha, rudisha udongo ukapumzike. Hawakuwa wavivu. Waliamini majivu yale yalianguka wakati nchi haikaliki. Kwa hiyo hawakuchimba, na kwa kuwa hawakuchimba hawakukuta kitu, na kwa kuwa hawakukuta kitu waliendelea kuamini. Aizawa hakuwa na mwalimu wa kumfundisha pa kusimama, ingawa alizijua hoja hizo kwa kusoma na kuuliza. Kinachonivutia ni kwamba hakuziruka; alihangaika nazo karibu miaka mitatu.

11. Mbona alisubiri hadi 1949?

Kwa sababu vibanzi havitoshi. Jiwe linaweza kuvunjika lenyewe likatoa kibanzi, na mtu mwenye shaka angesema hivyo hivyo. Aizawa alirudi Iwajuku tena na tena akikusanya, bila kitu ambacho hakuna anayeweza kukibishia.

Kilikuja majira ya joto mwaka 1949. Akipita karibu na njia inayopanda kilimani, aliona kitu kimezama nusu kwenye ukuta wa udongo mwekundu. Alipokichomoa kilikuwa ncha ya mkuki ya obsidiani, nzima, yenye umbo la jani, iliyochongwa pande zote mbili kwa ustadi. Obsidiani ni kioo cha asili kinachotokana na volkano. Wakazi wa maeneo ya Naivasha nchini Kenya wanalifahamu jiwe hilo jeusi linalong'aa. Ukiinua ncha ile kwenye jua, kingo zake nyembamba hupitisha mwanga. Hakuna mporomoko wa ardhi unaoweza kutengeneza kitu cha namna ile.

12. Nini kilitokea tarehe 11 Septemba 1949?

Aizawa alikuwa amemwonyesha Serizawa mawe yake, naye Serizawa akampelekea habari Sugihara Sosuke, mwalimu wake wa akiolojia pale Meiji. Sugihara alikuwa na shaka, lakini alikuja kujionea. Siku hiyo kikundi kidogo kilichimba kwa majaribio kwenye ukuta wa Iwajuku, wakiwemo Aizawa, Serizawa na mwanafunzi Okamoto Isamu. Mvua ilinyesha. Kabla ya siku kuisha, Sugihara mwenyewe alitoa kutoka kwenye udongo mwekundu jiwe lenye umbo la shoka, lililochongwa na mkono wa mtu.

Mwezi uleule habari ikatoka magazetini. Oktoba wakarudi na uchimbaji rasmi, na mwaka 1950 wakachimba tena. Walikuta tabaka mbili tofauti zenye zana: za chini, zenye mashoka ya mawe, na za juu, zenye zana ndogo za kukatia. Kati ya tabaka hizo mbili kulikuwa na pengo la miaka mingi, maana yake watu walifika hapo zaidi ya mara moja.

13. Umri wa zana hizo ulijulikanaje?

Mwaka 1949 haukujulikana kwa hesabu. Njia ya kupima umri kwa kaboni ilikuwa ndiyo kwanza inatangazwa Marekani mwaka huohuo. Walichoweza kusema ni kwamba kilicho chini ni cha kale kuliko kilicho juu, na kwamba udongo mwekundu uko chini ya Jomon.

Baadaye majivu yenyewe, yaliyokuwa kikwazo, yakawa saa. Kila mlipuko mkubwa una majivu yenye vipande vya kioo na madini ya aina yake, na tabaka hilo hufuatiliwa nchi nzima. Maarufu zaidi ni majivu ya Aira, kusini mwa Kyushu ilipo leo ghuba ya Kagoshima: mlipuko wa miaka kama 30,000 iliyopita uliofunika sehemu kubwa ya Japani. Zana za chini za Iwajuku ziko chini ya majivu hayo, na hukadiriwa kuwa na miaka kama 35,000.

14. Ukilinganisha na Olduvai, si mambo ya juzi tu?

Kwa kipimo cha Afrika Mashariki, ndiyo. Zana za kale za Olduvai zinakaribia miaka milioni 2, na za Lomekwi, Turkana, zimekadiriwa miaka milioni 3.3. Tena Iwajuku ni kazi ya watu kama sisi, siyo ya binadamu wa awali.

Umuhimu wake uko kwingine. Inaonyesha mwisho wa safari ndefu: binadamu waliotoka Afrika wamefika ukingo wa mashariki wa Asia, miaka kama 38,000 iliyopita. Na walikuwa na mambo yao. Mashoka ya tabaka la chini yana makali yaliyosuguliwa, ufundi ambao vitabu vya Ulaya viliuweka katika Zama za Mawe Mpya, maelfu ya miaka baadaye. Mashoka ya aina hiyo ya Japani na Australia ni miongoni mwa ya kale zaidi duniani. Vilevile, obsidiani ya kisiwa cha Kozushima imepatikana nchi kavu katika maeneo ya kipindi hichohicho cha mwanzo, na kisiwa hicho hakifikiki bila chombo cha baharini.

## Ubishi na utata

15. Mgunduzi ni Aizawa au Sugihara?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu linategemea unachokiita ugunduzi.

Sugihara ndiye aliyeongoza uchimbaji. Bila kuchimba kwa utaratibu, kuchora tabaka na kuandika ripoti, mawe ya Aizawa yangebaki vitu vya kuokotwa, na kitu cha kuokotwa hakina ushahidi wa mahali kilipotoka isipokuwa neno la mwokotaji. Ripoti ya Sugihara ya mwaka 1956 ndiyo iliyoipa Iwajuku nafasi yake katika sayansi. Hilo halina ubishi.

Lakini Sugihara asingejua Iwajuku iko wapi. Aizawa ndiye aliyepaona, akatambua maana yake na kubeba hoja hiyo hadi Tokyo. Hata hivyo taarifa za mwanzo zilikitaja chuo na mwalimu, na yeye akawekwa kando kama mwenyeji aliyesaidia kuonyesha mahali. Kwa maoni yangu hapo palikuwa na dhuluma, na kusema kwamba ilikuwa desturi ya vyuo vya wakati ule hakuifanyi isiwe dhuluma. Serizawa aliendelea kumtetea miaka yote, na yeye na Sugihara walikuja kutofautiana. Serizawa alihamia Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, mwaka 1963.

Leo majumba ya makumbusho na vitabu vya shule Japani humtaja Aizawa kuwa mgunduzi, na Meiji kuwa waliothibitisha. Mgawanyo huo unatosha.

16. Ni kweli watu walimwita tapeli?

Ndiyo. Sifa zilipomfikia hatimaye, zilifuatana na maneno. Wapo waliosema amejipachika kwenye kazi ya wasomi, wapo waliosema anatafuta fedha na jina, na majirani walishangaa mchuuzi anayekusanya mawe badala ya kukusanya wateja. Kutokuwa na shule ndefu kulitumiwa kama hoja, kana kwamba jiwe hubadilika kwa kuangalia cheti cha aliyeliokota.

Hoja za kisayansi zilikuwa tofauti na zilistahili majibu. Je, vitu vya Jomon haviwezi kuporomoka kupitia mashimo ya mizizi? Kama ingekuwa hivyo, vigae navyo vingeporomoka, na havikuwemo (swali la 9). Je, huenda Iwajuku ni ajali ya mahali pamoja? Mwaka 1951 eneo la Moro, ndani ya Tokyo yenyewe, lilichimbwa na kutoa zana kutoka kwenye udongo mwekundu. Baada ya hapo ubishi huo ulikosa nguvu.

17. Hakuna aliyedai hivyo kabla yake?

Yupo. Mwaka 1931 Naora Nobuo aliokota mfupa wa nyonga ufukweni Akashi, magharibi mwa Japani, akadai ni wa binadamu wa kale sana. Wataalamu hawakumkubali. Mfupa wenyewe uliungua katika mashambulizi ya ndege ya Tokyo mwaka 1945, ikabaki nakala ya plasta. Mwaka 1948 mtaalamu mwingine, Hasebe Kotondo, aliirudia nakala hiyo na kudai ni aina ya binadamu wa awali. Uchunguzi wa baadaye ulielekea upande wa binadamu wa kisasa. Kwa hiyo wakati Aizawa anasubiri ushahidi wake, kisa cha Akashi kilikuwa bado kinasemwa, na kilifundisha ugumu wa kuthibitisha kitu kilichookotwa nje ya tabaka lake.

18. Aizawa anahusika na kashfa ya zana bandia ya mwaka 2000?

Hahusiki. Alikuwa amefariki miaka kumi na moja kabla. Watu huchanganya kwa sababu yeye na mhusika wa kashfa hiyo, wote wawili, hawakuwa wasomi wa vyuo.

Tarehe 5 Novemba 2000 gazeti la Mainichi lilichapisha picha za Fujimura Shinichi akizika mawe katika eneo la Kamitakamori, mkoa wa Miyagi, ili ayafukue baadaye mbele ya wenzake. Alikuwa amesifiwa kwa miaka kama mtu mwenye mikono ya miujiza, kila anapogusa anapata kitu cha kale zaidi, hadi miaka laki kadhaa. Alikiri. Chama cha wanaakiolojia cha Japani kilipitia maeneo yote aliyohusika nayo, na mengi yakafutwa. Vitabu vya shule vikarekebishwa.

Kinachouma ni kwamba mwaka 1992 Fujimura alikuwa amepewa tuzo yenye jina la Aizawa. Na Serizawa, yule yule aliyemwamini mchuuzi wa Kiryu, alikuwa miongoni mwa waliomwamini Fujimura. Ukitafakari, inaeleweka. Mtu aliyewahi kuwa sahihi dhidi ya wote anaweza kushawishika kwamba atakuwa sahihi tena.

Iwajuku yenyewe haikuguswa na kashfa hiyo. Ilichimbwa mwaka 1949. Fujimura alizaliwa mwaka 1950.

## Baada ya Iwajuku

19. Je, alipata kazi ya chuo au utajiri?

Hapana kwa yote mawili. Aliendelea kuishi Gunma, akitafuta na kuchimba kwa nguvu zake kuzunguka mlima Akagi. Baadhi ya mawe aliyoyaona kuwa ya kale kuliko Iwajuku, kama yale ya Gongenyama, bado yana ubishi, na si haki kuyafanya yote kuwa ushindi kwa sababu tu ni yake.

Heshima ilikuja polepole: mkoa wa Gunma ulimtunukia mwaka 1961, na mwaka 1967 akapewa tuzo ya utamaduni ya Yoshikawa Eiji. Alifariki tarehe 22 Mei 1989 akiwa na umri wa miaka 62.

20. Vitu vya Iwajuku vinaonekana wapi?

Eneo lenyewe limehifadhiwa na serikali tangu 1979, na njia ile kati ya vilima bado ipo. Kasakake sasa ni sehemu ya mji wa Midori, na karibu na eneo hilo kuna Jumba la Makumbusho la Iwajuku, lililofunguliwa mwaka 1992. Zana zilizochimbwa na Meiji ziko katika jumba la makumbusho la chuo hicho, Tokyo. Ukitaka kumjua mtu mwenyewe, kuna jumba la kumbukumbu lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 1991 upande wa Kiryu.

21. Leo mtu wa kawaida anaweza kufanya alivyofanya Aizawa?

Kutazama, ndiyo. Kuchimba, si kiholela. Aizawa alianza kabla ya sheria ya kulinda mali za utamaduni ya mwaka 1950, iliyosukumwa na moto ulioteketeza michoro ya ukutani ya hekalu la Horyuji, Nara, Januari 1949. Kwa sheria hiyo, anayetaka kuchimba kwa ajili ya utafiti lazima atoe taarifa kwa mamlaka siku 30 kabla, na mamlaka inaweza kumwekea masharti au kumzuia.

Na akipata kitu hakiwi chake papo hapo. Kwa utaratibu wa Japani, kitu kilichofukuliwa hupelekwa kwanza polisi kama mali iliyopotea, kisha bodi ya elimu hukikagua kama ni mali ya utamaduni. Mwenyewe asipojulikana, kwa kawaida hubaki mikononi mwa mkoa. Kwa jiwe la miaka 35,000, mwenyewe hajawahi kujitokeza.